Pompu ya Ambulansi ya Kapata

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Kapata, tunawaomba utulivu kidogo, familia iwasomee maisha ya baba yetu, Tata Ngeleka Henri, kama alivyoyapanga mwenyewe kitandani, akatuagiza tusiruke mstari hata mmoja.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1929 huko Gandajika, Kasai, akaletwa Musonoi na baba yake aliyekuja kuchimba shaba, akasoma kwa mapadri hadi mwaka wa sita, akajifunza ufundi wa magari, na tarehe 2 Januari 1950 akaingia garaji ya kampuni, akakaa humo miaka thelathini na mitano. Tarehe 14 Agosti 1954 alifunga ndoa na Mama Ndaya, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza Elise, ambaye mwaka 1972, majina ya ubatizo yalipokatazwa, aliandikwa Ntumba, ila nyumbani alibaki Elise, na mwaka 1980 akaolewa na Omer.

Mwaka 1981 shefu wa garaji alimwamuru Tata atoe vipuri vya ambulansi ya cité, mtaa wetu huu wa wafanyakazi, avifunge kwenye lori la mahindi la shefu mwenyewe, Tata akakataa, akahamishiwa mbali, Kisenge, mwaka mzima, akarudi amekonda. Tarehe 3 Februari 1983 aliamriwa tena, safari hii pompu ya mafuta, ya kuazima siku mbili tu, akaitoa kwa mikono yake, maana mkono usioweza kuukata, ubusu.

Tarehe 5 Februari, saa tano asubuhi, Elise alishikwa na uchungu, mtoto akakwama, ambulansi ikakataa kuwaka. Wanaume wa mtaa, wakidhani ni betri, waliisukuma, Omer mbele, na Tata akasukuma nao saa nzima, huku akijua kwamba gari lisilo na pompu haliwaki hata likisukumwa mpaka Likasi, lakini aliona haya kusema. Hatimaye Elise alilazwa kwenye mkokoteni, akafa njiani pamoja na mtoto wake. Kwenye matanga Omer alimshika mkono baba mkwe wake, akamwambia, “Aksanti, Tata, ulisukuma kupita shiye bote.”

Tata aliendelea na kazi, akala, akalala, kama watu wengine. Mwaka 1985 mapafu yalimshika, akalazwa mara tatu, na tarehe 11 Juni 1986, saa nane mchana, akafariki.

Tunawashukuru madokta na masista waliomhudumia, majirani waliomgeuza kitandani, wenzake wa garaji walioleta jeneza, na shefu, aliyetuma maua. Omer, Tata alishindwa kukuambia kwa miaka mitatu, sasa umesikia, na ukitaka kuondoka kabla kaburi halijafunikwa, hakuna mtu wa familia hii atakayekulaumu. Tata Ngeleka, pumzika kwa amani.