Mama Kiatuni, Fundi Aliyejenga Njiwa

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyotazamana na soko la nafaka. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi plasta na mshona mashuka ya hospitali. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alitoka amekunja ngumi, na mkunga akasema, "Huyu amekuja na kazi yake mkononi." Watu walikuwa wakicheka kila hadithi hiyo ilipotolewa. Mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, ameifikiria sana wiki hii, na hajaona cha kuchekesha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, ile ya matofali mekundu jirani na kituo cha zimamoto, akamaliza darasa la saba mwaka 1970. Hesabu aliziweza na kusoma alisoma, lakini moyo wake ulikuwa kwenye udongo. Akiwa darasa la tatu alifinyanga kuku, akamkausha juani siku mbili, akampelekea mwalimu wake wa kazi za mikono. Mwalimu alimgeuzageuza, kisha akamsifu mbele ya darasa zima: "Kobe mzuri sana huyu!" Mtoto alishukuru, akarudi kukaa. Kobe yule alikaa juu ya kabati la walimu mpaka mwenyewe akamaliza shule. Ndivyo alivyokuwa dada: mkono wa kutengeneza kitu alijaliwa, mdomo wa kukitetea alinyimwa.

Nafasi ya sekondari haikupatikana, baba akamchukua kazini. Siku hizo mwanamke juu ya jukwaa la ujenzi alikuwa sinema ya bure. Watu walisimama chini kungoja aanguke, wakachoka wao kwanza. Alijifunza plasta, halafu terazo, ile sakafu ya saruji na chembe za mawe inayosuguliwa mpaka ing'ae. Ngazi za posta kuu ni kazi yake. Ukumbi wa wodi ya wazazi ni kazi yake pia, kwa hiyo wengi mliopo hapa, kabla hamjamjua mtu yeyote duniani, mlishapita juu ya sakafu ya marehemu.

Tarehe 5 Desemba 1981, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na fundi umeme. Walikutana kwa ugomvi. Fundi umeme alifika kwenye jengo siku moja baada ya plasta kukauka, akaupasua ukuta wote ili apitishe nyaya zake. Dada alimfuata na mwiko mkononi, umejaa saruji mbichi, akamwuliza, "Wewe ulikuwa wapi jana?" Shemeji hajapata jibu la swali hilo hadi leo. Walijaliwa watoto watatu, binti wawili na wa kiume mmoja, na katika miaka arobaini na moja ya ndoa hawakuwahi kulala wamenuniana zaidi ya usiku mmoja, isipokuwa kwa ajili ya bustani.

Sasa tufike kwenye bustani, maana hakuna namna ya kuizunguka.

Mwaka 1992 halmashauri ya mji iligeuza jalala la zamani la mtaa wetu kuwa bustani ya watu wote, ikatangaza kwamba inatafutwa sanamu ya kusimamishwa katikati. Dada alipeleka mfano wa njiwa anayetua, mabawa ameyakunja nusu, kichwa amekiinamisha, akashinda. Alimjenga kwa miezi minne, wa saruji na vipande vya terazo alivyokuwa akivikusanya kwenye kazi zake, mrefu kuliko mtu mzima. Jumapili ya tarehe 14 Juni shuka likavutwa mbele ya mtaa mzima. Ndipo muuza karanga mmoja akasema kwa sauti, tena kwa nia njema kabisa, "Kiatu kizuri jamani! Mwenzake yuko wapi?"

Mtaa uliangua kicheko, na tusidanganyane, hata sisi ndugu tulicheka. Ukimtazama njiwa yule kutoka barabarani, mkia ni kisigino na kichwa ni ncha ya kiatu. Dada alikwenda nyumbani akaosha miko yake, akalala na nguo za kazi. Baada ya hapo kituo cha basi kikaitwa Kiatuni, halafu kinyozi akawa wa Kiatuni, na duka la dawa likaandika hivyo kwenye bango. Jina la kitu likishatiwa "ni" mwishoni, limeota mizizi, huling'oi. Kwa miaka mingi yeye peke yake ndiye aliyekuwa akisema, "Ni njiwa," na watu wakimjibu, "Ndiyo, mama, ni njiwa. Tukutane pale Kiatuni saa ngapi?"

Mwaka 1993 ikaundwa kamati ya kuitunza bustani. Katika kikao cha kwanza dada alitoka nje kidogo kumbembeleza kitindamimba wake aliyekuwa akilia. Aliporudi alikuta watu wanapiga makofi, ameshachaguliwa mwenyekiti. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Yeye hakuwepo, akapewa la wote. Wajumbe walikuwa tisa. Mmoja alihama, wengine wakapata udhuru, na waliosalia wakawa wanashiriki kwa salamu: "Shikamoo mama, naona bustani inapendeza, hongera!" Husema na kupita.

Yeye ndiye aliyezibua mtaro majani yalipouziba. Yeye ndiye aliyekwangua mabango ya matangazo mgongoni mwa njiwa kwa kisu cha jikoni, akaziba nyufa kila baada ya masika, akamsihi jirani mmoja kwa miaka mitatu asianike blanketi kwenye mdomo wa ndege. Benchi likivunjika, watu walibisha hodi kwake. Taa zikizimika, walimtafuta mumewe kupitia kwake. Mbwa akifia kwenye maua, walimwamsha. Siku ya harusi ya binti yake mkubwa aliitwa kutoka meza kuu kwa sababu lango la bustani lilikuwa limekwama, akaenda na gauni lake, akarudi na grisi. Binti huyo alimwambia siku hiyo, naye ameruhusu lisomwe hapa, "Mama, sisi kwako tuko wanne. Yule wa bustanini ndiye kitindamimba asiyekua."

Dada alichoka, na alianza kuchoka mapema kuliko watu walivyodhani. Aliipenda bustani ile, aliwapenda watoto walioteleza mgongoni mwa njiwa wake mpaka pakalainika, na hakuna siku aliyojuta kumjenga. Alitaka jambo moja tu: aamke siku moja asiitwe. Alitaka aione bustani kama mnavyoiona ninyi, akae kwenye benchi, ale karanga, aondoke. Kidole kimoja hakivunji chawa, alikuwa akisema, halafu anachukua ndoo, anakwenda peke yake.

Kikohozi kilianza mwaka 2019. Mwanzoni alisema ni vumbi, na kumbe kweli lilikuwa vumbi, la miaka hamsini, limekaa kifuani. Mwaka 2021 daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake, akamwambia, "Mama, kuanzia leo saruji kwako ni mwiko." Dada akamjibu, "Daktari, mwiko ndio kazi yangu." Walicheka wote wawili, akakohoa mpaka akapewa kiti. Mumewe alirudi nyumbani akaificha miko yote juu ya dari. Mvua zilipokwisha alimkuta bustanini anaziba ufa kwa kijiko cha chai.

Ndipo akaamua kukabidhi. Mwezi Aprili mwaka 2022 aliita kikao, akatembea nyumba kwa nyumba mwenyewe akiwa na pumzi ya kukopa. Walikuja watu wengi kuliko alivyotegemea, akafurahi. Alisimama akaeleza kwamba kifua kimemshinda, anaomba mtu mmoja apokee, hata wawili, hata kwa zamu. Watu walisikitika sana. Walimshukuru kwa hotuba nzuri nzuri, wakampa kitenge, wakampigia makofi wakiwa wamesimama, kisha wakamchagua tena. Mmoja alisema, "Hakuna anayeweza kuvaa viatu vyako, mama," na ukumbi ukacheka. Usiku ule alimwambia mumewe, "Nilikwenda kuomba likizo, wameniongezea kifungo." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliubeba tena mwaka mmoja na miezi miwili.

Alilazwa tarehe 19 Juni mwaka huu, 2023. Muuguzi aliyemwandikisha alimwuliza anakaa wapi, naye, bila kufikiri, akasema, "Kiatuni." Muuguzi akasema anapajua, alicheza pale utotoni. Dada alimtazama mdogo wake, akatikisa kichwa, akatabasamu. "Nimesalimu amri," alisema. "Kiatu na kiwe kiatu. Ndege mwenyewe hajawahi kulalamika."

Jumapili jioni, tarehe 2 Julai, alikuwa na utulivu. Hakuuliza habari za bustani, wala mtaro, wala lango. Aliuliza, "Kuna mtu ananitafuta?" Mdogo wake akamwambia hakuna. "Afadhali," alisema, akageukia ukutani. Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Julai 2023, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, mumewe amemshika mkono.

Simu yake ilikuwa imezimwa kwa wiki mbili. Mdogo wake aliiwasha asubuhi ile, kwenye benchi la nje ya wodi, ili apate namba za watu wa kuwapa taarifa. Kabla hajabonyeza hata moja, ikaita. Alikuwa fundi baiskeli wa mkabala na lango la bustani, mtu mwenye spana za kila saizi.

"Shikamoo mama! Nimekupigia sana. Bomba la bustani limepasuka, maji yanamwagika barabarani tangu Ijumaa."

"Si mwenyewe. Mimi mdogo wake. Mwenyewe ametutoka leo alfajiri."

Fundi baiskeli alilia, tena alilia kweli, na familia inamshukuru kwa machozi yale. Halafu akapenga kamasi, akauliza, "Sasa tumpigie nani?"

Mdogo wake alikata simu, kwa kuwa jibu lililomjia halikufaa kutamkwa mbele ya wagonjwa. Kabla ya saa sita mchana walikuwa wamepiga wengine saba. Wote walisema pole, wote walitaja bomba. Leo ni Alhamisi. Wengi wenu mmepita pale kuja hapa, mmeinua pindo za nguo, mmeruka dimbwi, na mmefika na tope miguuni. Hatuwalaumu, kila mtu na haraka zake, na msiba nao una saa yake. Lakini familia imekaa siku tatu na swali lile, na inaona haki yake kulijibu mbele ya marehemu, maana alipokuwa hai aliuliza hivyo hivyo, mkamjibu kwa makofi.

Marehemu ameacha mume, fundi umeme mstaafu, ambaye hapandi tena ngazi. Watoto watatu na wajukuu watano. Na mdogo wake mmoja. Ameacha pia mtaa mzima wa watu wazima wenye afya, kila mmoja na mikono yake miwili. Koki kuu ya bomba iko nyuma ya choo cha bustani, chini ya mfuniko wa chuma. Inafungwa kwa kuzungusha kulia. Ni ngumu kidogo, lakini yeye aliiweza akiwa na kifua kibovu.

Namba yake ya simu imefungwa. Msimwite tena. Dada yetu amelala; mwacheni apumzike, na iwe kwa amani.