Watoto wa Darasa la Mikono Bado Hawajaambiwa

Risala ya wazazi kwa mgeni rasmi, siku ya kufunguliwa kwa darasa jipya, Baba Dogo, Nairobi

Mgeni rasmi, wewe uliye mwenyekiti wa wakfu uliotujengea darasa hili, mwalimu mkuu, walimu, majirani na watoto wetu: tunawasalimu nyote.

MAKARIBISHO

Karibu Baba Dogo. Tunakushukuru kwa kuja, na kwa darasa. Tumeingia tukaliona. Madirisha ni makubwa na mwanga unaingia pande mbili, kama alivyoomba Mwalimu Lorine, kwa sababu mtoto asiyesikia husoma kwa macho. Yeye hakuliona likikamilika.

TULIKOTOKA

Sisi ni wazazi wa watoto viziwi kumi na mmoja wanaosoma hapa. Baadhi yetu ni vibarua wa viwandani, wengine tunauza mitumba soko la Muthurwa na viatu vya akala, vya matairi, soko la Kariokor. Zamani watoto hawa waliketishwa nyuma ya madarasa ya wenzao, wakichorachora mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Miaka sita iliyopita alikuja Mwalimu Lorine Wekulo. Lugha ya ishara aliijua tangu utotoni, kwa kuzungumza na marehemu kaka yake aliyekuwa kiziwi. Aliomba chumba kilichokuwa kikiwekwa madawati mabovu, akakifagia, akawaita watoto. Wanafunzi wengine wakakipa jina: Darasa la Mikono. Mwalimu alilipenda, nasi tukalichukua liwe la kundi letu.

TULIYOFANIKIWA

Imran alikuwa akiwauma wenzake. Aliacha, maana alipata njia ya kusema kwamba amekasirika. Aqsa alianza kusimulia ndoto zake. Sisi wazazi, jioni ikifika, tulimpigia mwalimu simu ya video.

"Ticha, hebu muulize, analia nini tangu atoke shule?"

Naye alimtazama mtoto kwenye simu, kisha akatujibu: "Anasema hizo soksi zinamwasha, mama. Mvue soksi."

Nyumba kumi na moja, na kila simu aliipokea. Tuliona ni mafanikio, na ndiyo maana tumeyaandika hapa, lakini kumtegemea hivyo ndilo kosa letu. Mwalimu alifungua masomo ya ishara kwa wazazi kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza tulifika tisa. Ya pili, watatu. Ya tatu alikaa peke yake.

"Mama Imran," alisema siku moja, "huko Kariokor unapatana bei na watalii kwa mikono kutwa nzima. Kwa mwanao ndiyo inakufa ganzi?"

Baba Magan akamtetea: "Ticha, Jumamosi ni ya kutafuta riziki. Tutajifunza tukizeeka."

"Mkizeeka, Magan atakuwa anawasengenya mbele ya macho yenu na hamtajua."

Tulicheka sana. Hakuna aliyejifunza zaidi ya njoo, kula, choo na hapana.

YALIYOTUSHINDA

Mwalimu Lorine alifariki tarehe tatu mwezi huu. Aliugua kifua siku nne tu. Alizikwa kwao Bungoma, na watoto hawakwenda.

Mgeni rasmi, watoto hawajui kwamba amekufa. Hatujawaficha. Hatujui kuwaambia.

Tumejaribu. Mama Aqsa alimwonyesha mtoto picha ya mwalimu, kisha akalia mbele yake. Aqsa alimpangusa machozi, akaenda kumletea maji. Wengine tulinyoosha kidole upande wa barabara lilikopita gari la maiti. Tangu siku hiyo watoto hukaa langoni asubuhi wakitazama upande huo.

Ndipo Baba Magan alipoingia darasani akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MWALIMU LORINE AMEKUFA. Jina la mwalimu walilitambua, wakatabasamu. Neno la mwisho hawakuwa wamefundishwa. Walitoa kalamu, wakanakili sentensi ile kwa mwandiko safi, halafu wakapanga foleni, daftari mkononi, ili awawekee tiki. Aliweka. Daftari zote kumi na moja.

Tulitafuta mkalimani kwenye makanisa mawili na msikiti mmoja. Tuliambiwa tutapigiwa simu. Leo ni wiki ya tatu. Mwalimu wa darasa la pili huja kuwapa kazi ya kuchora, kama zamani. Imran ameanza kuuma tena. Sasa anauma mikono yake mwenyewe.

TUNAYOOMBA

Tulikuwa tumeandika maombi mengi: mwalimu wa kudumu anayejua ishara, vitabu vya picha, na masomo yale ya Jumamosi, ambayo safari hii tungehudhuria. Karatasi hiyo tutakukabidhi, lakini hatutaisoma. Tumeomba mara nyingi na tumaini limetuishia. Leo tuna ombi moja.

Umekuja na mkalimani, ndugu Aloo, ili awatafsirie watoto hotuba yako. Asubuhi tulimkuta akinywa chai, tukamweleza.

"Nani amewaambia watoto?" aliuliza.

"Hakuna."

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu."

Aliweka kikombe chini. "Mama, hilo siwezi kulisema nikiwa jukwaani, watu wakipiga picha. Nitafutieni chumba. Lakini nimeletwa na mheshimiwa, ruhusa ni yake."

Ndiyo sababu, tangu tuanze kusoma, mikono yake imetulia. Sisi tulimwomba asitafsiri. Watoto wa mstari wa mbele wanaotutazama hawajapata hata neno moja la risala hii.

Tunaomba umruhusu aingie nao sasa katika darasa ulilotujengea. Mlango ufungwe, kamera zibaki huku. Kila mzazi atakaa kando ya mtoto wake. Watoto watauliza maswali, na kwa mara ya kwanza tangu mwalimu afariki tutajua wanauliza nini. Tunaogopa watatuuliza kwa nini tumenyamaza siku zote hizi. Ndugu Aloo atawaambia ukweli, kwamba hatukujifunza.

Kwa hiyo hotuba yako haitakuwa na mkalimani, na mstari huu wa mbele utakuwa mtupu. Utuwie radhi. Jioni ataondoka nawe. Wakiwa na swali jingine kesho, hatutaweza kuwajibu. Hilo tunalijua, na bado tunaomba nusu saa hii.

Mungu ampumzishe Mwalimu Lorine. Akubariki wewe na nyumba yako, na asikufikishe siku ya kuwa na neno la kumwambia mwanao ukakosa namna ya kulisema.

Tunangoja jibu lako. Watoto wameshasimama, maana wametuona tukikunja karatasi.

Ni sisi,
Kundi la Wazazi wa Darasa la Mikono, Baba Dogo

Imeandikwa na kusomwa na katibu, Jawahir Abdurahim, mama yake Imran