Kuswali Kuelekea Kamera

Bibi alikuwa amefumba macho tu, hakulala, kijana wa kiti cha mbele yake ndani ya basi alipomwonyesha jirani yake, fundi cherehani, ndevu za bandia.

"Leo naigiza Mwislamu, dada."

"Kwani wewe si Mwislamu?"

"Tangu tumboni. Mwongozaji anasema sifanani."

Bibi akabana kicheko ndani ya mtandio.

"Tena anataka niswali nikitazama kamera. Kibla kiko nyuma yangu, lakini huko, anasema, hakuna mwanga."

"Kataa!"

"Nikikataa, nafasi anapewa mwenzangu asiyejua hata kutawadha. Na mama keshawaalika majirani waje kunitazama kwenye runinga."

"Basi watakuona umekipa kibla kisogo, na mama yako amekaa katikati yao!"

Kijana akazichana ndevu kwa vidole.

Bibi uvumilivu ukamwisha. "Kitendawili!"

Wakageuka wote wawili. "Tega!"

"Ana miguu mitatu, lakini haendi mpaka abebwe."

"Kigoda," akasema fundi.

"Kamera! Basi ibebwe hiyo, mjukuu wangu. Kibla hakibebeki."

Basi likasimama. Kijana akashuka akikariri kama mtoto wa madrasa, "Ibebwe kamera, kibla hakibebeki," na sauti ikipungua kila alivyolikaribia lango la studio.