Karanga Zilizogandishwa kwa Ajili ya Picha

“Teknolojia imetufikisha mahali ambapo ghala la mbegu linaweza kujitunza lenyewe.” Ndivyo alivyoandika katika toleo lililopita la jarida hili katibu wa Mfuko wa wahisani wanaogharimia utafiti na masomo ya mimea hapa kituoni. Alikuwa anaeleza kwa nini nafasi ya mtunza mbegu wetu, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na minne, haitajazwa. Katibu ni mtu wa heshima zake, lakini alichoandika si kweli, na anayeweza kuthibitisha hilo ndiye huyu tunayemuaga.

Sote tunamwita Mama Bahasha. Aliajiriwa kufagia. Ghala wakati huo lilikuwa chumba kimoja chenye makabati matatu ya chuma, na ni yeye, si watafiti, aliyeona kwamba kabati la dirishani limeanza kuingia ukungu. Akapewa funguo, akazishika mpaka leo. Bahasha za mbegu alizikunja mwenyewe kwa karatasi za mitihani ya zamani. Mfuko ulipokataa ombi la mifuko ya kitambaa, mumewe, fundi cherehani ambaye hapa kila mtu humwita shemeji, alishona mia tatu kwa vitambaa vilivyobaki kibandani kwake. Hakuna ripoti iliyomtaja.

Wanafunzi walimwogopa kuliko profesa. Kila aliyeletwa na ufadhili wa Mfuko alipewa maharage kumi na kitambaa kibichi, akaambiwa arudi baada ya siku nane. Wengi walirudi na maelezo marefu ya vitabuni. “Mwanangu, sikukuuliza umesoma nini,” aliwaambia. “Nimekuuliza yameota mangapi.” Mmoja wao, ambaye leo ni mkubwa mwenye ofisi yenye zulia, alirudishwa mara tatu. Mara ya tatu alikiri kwamba aliyamwagia maji ya moto ili yawahi kuota.

Sasa tuje kwenye ghala linalojitunza.

Miaka sita iliyopita Mfuko ulituletea friza mbili kubwa, na ujumbe wa wahisani ukaja kuzizindua. Kumwonyesha mgeni friza tupu ni aibu, kwa hiyo mkurugenzi wa wakati ule aliagiza zijazwe. Karanga za aina mia nne na kumi na mbili, zilizokusanywa mashambani kwa miaka mingi, zilikuwa bado zinakaushwa. Mama Bahasha aliuma moja mbele yake.

“Bosi, hizi bado zina maji. Ukizigandisha hivi unazichinja. Nipe wiki mbili.”

“Mama, wageni wako getini. Wiki mbili nitazitoa wapi?”

“Basi wapige picha na bahasha tupu. Picha haionyeshi kilichomo.”

Mkurugenzi alicheka, akazijaza. Picha zikatoka vizuri. Mkataba wa Mfuko ulioleta friza ulikataza mtu yeyote kufungua pakiti kwa miaka mitatu, na kwa miaka hiyo mitatu taa ya kijani ya friza haikuzimika hata siku moja. Kila mwezi mashine ilituma taarifa kwamba mambo ni shwari. Siku iliporuhusiwa, Mama Bahasha alichukua karanga mia moja kutoka pakiti mbalimbali, akazilaza kwenye kitambaa chake kibichi. Zikaota sita.

Mashine haikudanganya. Iliulizwa kuhusu baridi, ikajibu kuhusu baridi. Mbegu iliyokufa na mbegu iliyo hai zinafanana kama pacha, na anayetaka kujua ipi ni ipi hana budi kuziotesha, kuzihesabu, na zile zinazoanza kuchoka kuzipanda shambani ili apate mbegu mpya. Kazi hiyo ina matope, na mpaka leo haijapata friza ya kuifanya.

Alizunguka vijiji kwa miezi minane kutafuta karanga zilezile. Alipata aina kumi na moja. Nyingine hakuna anayezipanda tena, popote. Katika ripoti ya mwaka hasara hiyo iliitwa “changamoto ya kiufundi”. Mkurugenzi alipandishwa cheo.

Leo kuna bahasha mia mbili na sitini za mtama na maharage ambazo lazima zipandwe msimu huu, kwa sababu uotaji wake unashuka. Anayejua kuifanya kazi hiyo yupo: ni fundi bustani aliyefundishwa na Mama Bahasha kwa miaka kumi na mmoja, yote kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mkataba wake wa mwisho unaisha siku ileile ya kustaafu kwa mwalimu wake. Mfuko unasema hauna nafasi yake, huku ukijenga ukumbi wa mihadhara.

Mama Bahasha, asante. Tunakuombea miaka mingi ya kulala mchana bila kuwaza unyevu, na shemeji sasa ashone nguo za watu.

Kwenu, wadhamini saba wa Mfuko mtakaokutana Alhamisi: rudisheni nafasi ya mtunza mbegu, na mpeni fundi bustani barua ya ajira ya kudumu kabla mvua hazijaanza. Mkikataa, orodha ya bahasha zote mia mbili na sitini iko mezani kwenu. Tieni alama kwenye zile mnazotaka zife, kisha kila mmoja aweke sahihi yake.