Mwalimu Bernard Nzabonimpa na Kiti cha Pweza Aliyefika Gisenyi

Baba Padri, Mzee Kadiri, shemeji yangu Mukagasana, na ninyi nyote mliofika Mbugangari leo Alhamisi, tarehe 11 Septemba 1958: familia imeniomba mimi Bizimana, mdogo wake marehemu, nisome maisha yake. Tunasoma kwa Kiswahili kwa sababu wapo waliotoka Goma na Usumbura, na wawili, waliofuatana na shemeji mwezi uliopita, wametoka mbali zaidi, Tanga. Binti yake Languida amenyoosha maandishi haya. Palipopinda ni pangu.

Marehemu Bernard Nzabonimpa alizaliwa Busasamana, chini ya volkano, mwezi wa Machi 1908, na akabatizwa misheni ya Nyundo tarehe 18 Aprili mwaka huohuo. Baba yetu Habiyaremye alikuwa mkulima wa mtama na maharage. Mwaka 1916 vita ilipopita hapa, baba alichukuliwa kubeba mizigo ya askari kuelekea Tabora, na hakurudi. Mama alifariki katika njaa ya Rumanura iliyofuata vita hiyo. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni, nikachukuliwa na shangazi. Bernard, mwenye miaka tisa, alishuka mjini Gisenyi peke yake kutafuta chakula, akalala kwenye baraza la mfanyabiashara wa nguo na chumvi. Mfanyabiashara huyo ni Mzee Kadiri, aliyekaa hapa mbele yetu. Wakati huo alikuwa kijana, bado hajaoa. Alimwamsha, akamwambia, "Ingia ndani, ule kwanza. Mambo mengine tutaongea kesho." Kesho hiyo ilichukua miaka mitano.

Kadiri alimlea kama mwanawe na hakumwondoa katika dini yake. Jumapili alimhimiza aende kanisani. Alipoona mtoto ana kichwa cha masomo, mwaka 1922 alisafiri naye hadi Kigoma, wakapanda treni hadi pwani, akamwacha Tanga nyumbani kwa dada yake. Marehemu alisoma huko hadi mwaka 1928. Barua yake ya kwanza kwa Kadiri ilikuwa na malalamiko mawili: joto, na maji mengi kiasi hicho ambayo hayanyweki.

Mwaka 1929 alipata kazi kwa Bibi Elsbeth, mtafiti wa viumbe vya bahari, mwanamke Mswisi mwenye miwani minene. Kila maji ya bahari yalipokupwa sana, walitembea pamoja juu ya miamba wakikusanya wanyama na kuwaweka katika matangi ya kioo. Huko ndiko kaka yangu alikompenda mnyama mwenye umbo la nyota, ambaye watu wa pwani humwita kiti cha pweza. Wengi wenu mlimsikia akimweleza. Hana kichwa. Hana damu, maji ya bahari huingia mwilini mwake, hupita katika mifereji midogo na kusukuma mamia ya miguu laini iliyo chini ya mikono yake. Ana doa la kuonea mwanga kwenye ncha ya kila mkono. Akimkuta chaza amejifunga, humvuta polepole hadi afunguke kidogo, kisha hutoa tumbo lake nje na kumlia chaza ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na akikatika mkono, huota mwingine.

Alituambia pia kwamba shere, yule wa mviringo mwenye miiba, na jongoo wa pwani ni ndugu wa mnyama huyo, ingawa hawafanani kwa sura, kwa kuwa wote wamejengwa kwa mafungu matano. Watoto wao huelea baharini wakiwa wadogo kuliko punje ya ulezi, na wana upande wa kulia na wa kushoto kama sisi. Wakikua ndipo hugeuka kuwa wa mafungu matano. Hilo lilimshangaza hadi uzeeni.

Bibi Elsbeth alirudi kwao mwaka 1936 na kazi ikaisha. Marehemu angeweza kubaki pwani, lakini alikuwa amesikia kwamba mdogo wake yu hai. Mwaka 1937 alirudi Gisenyi na kunikuta mpakani, Petite Barrière, nikibeba mizigo ya watu wanaovuka kwenda Goma. Alisimama mbele yangu na sanduku lake, akaniuliza kwa Kinyarwanda cha kitoto, maana ndicho alichokuwa amebaki nacho, "Wewe ni mtoto wa Habiyaremye?" Nikadhani ni mtu wa kodi. Nikamkana baba yangu. Akacheka, akanishika mabega. Yeye ndiye aliyenitafutia nafasi ya kujifunza udereva.

Mwaka huohuo alianza kufundisha katika shule ya msingi hapa mjini, kazi aliyoifanya karibu miaka ishirini. Tarehe 7 Januari 1939 alifunga ndoa na Domitila Mukagasana, binti wa pwani ya ziwa letu, ambaye mama yake, Mukashyaka, anauza samaki sokoni hadi leo. Walijaliwa watoto wawili, Languida na Twagirimana. Nyumba yao haikuwa na kelele. Aliitwa Baba Languida, naye akamwita mkewe Mama Languida, na ukiwasikia wanaongea mpaka jioni ungedhani wameonana leo.

Mwaka 1953 lilitokea jambo linalokumbukwa na mji mzima. Wazazi kadhaa walilalamika shuleni kwamba Mwalimu Bernard anawafundisha watoto uwongo kuhusu mnyama asiye na kichwa anayeota mikono. Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya, lakini alimwita na kumwambia waziwazi kwamba yakiendelea hivyo hataweza kumtetea. Nyumbani nako mama mkwe alikuja na kapu lake, akakaa mbali kidogo kama heshima inavyotaka, akasema, "Mukwe wangu, soko yote inanicheka. Banasema mutoto wangu aliolewa na mutu ya hadisi. Kama huyo munyama iko, lete tuone."

Agosti, shule zikiwa likizo, kaka yangu alikwenda kumleta.

Alifika Tanga, na rafiki yake wa zamani, mvuvi Faradji, akampatia viti vya pweza watatu katika debe la maji ya bahari, na debe la pili la maji ya kubadilishia. Alisafiri nao kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa treni, akiwapulizia hewa kwa pampu ya baiskeli. Abiria walimlalamikia kwa ajili ya harufu. Mmoja alikufa kwa joto kabla ya Tabora, wa pili wakati wa kupanda meli Kigoma. Mimi nilimpokea Usumbura na kamyo yangu. Kabla ya kunisalimia alisema, "Endesha taratibu, tumebaki na mmoja." Njia nzima alikumbatia debe lile, na kila kona alinitazama kama vile nimeichimba mimi.

Tulifika Jumamosi. Wazazi na mkuu wa shule walialikwa Jumatatu. Jumapili marehemu alishikwa na homa ya uchovu, akalala mchana kutwa. Shemeji yangu akachungulia debe, akaona maji yamepungua na mnyama amebaki nusu nje. Akamhurumia. Akachota maji safi ziwani, akamjazia.

Jumatatu tarehe 7 Septemba asubuhi, kiti cha pweza alikuwa amelegea. Miguu yake haikushika tena bati. Kabla ya kengele ya shule alikuwa amekufa.

Mimi nilikuwepo. Shemeji alisimama mlangoni, mikono kichwani. "Niliona maji imepunguka, nikamuongezea ya ziwa," alisema. "Mi nilifikiri maji ni maji."

Kaka yangu aliinama juu ya debe. Alikuwa amesafiri mwezi mzima. Kisha akamwambia, "Wewe ulimupa mugeni maji. Ni mimi sikukuambia." Akamweka mnyama kwenye sahani ya bati, akavaa koti lake, akaenda shuleni.

Darasa lilijaa mpaka madirishani. Alipoweka sahani mezani watu waliguna, na mtu akauliza kwa nini amekufa. Marehemu alijibu, "Sikumtunza vizuri." Hapo Mukagasana akainuka katikati ya wazazi, mbele ya mama yake na mkuu wa shule. "Hapana," akasema. "Ni mi nilimutilia maji ya ziwa. Bwana wangu hana kosa."

 Marehemu alimtazama mkewe, na baadaye aliniambia kwamba hakuwahi kumheshimu mtu kama alivyomheshimu yeye saa ile. Akasema, "Basi, somo letu ni hilo." Akaeleza kwamba mnyama huyu hana mlango wa kufungia maji nje. Bahari iliyomzunguka ndiyo iliyo ndani yake, chumvi kwa chumvi. Akitiwa katika maji matamu, hayo yanaingia na kumharibu toka ndani. Ndiyo maana hakuna ndugu yake hata mmoja katika ziwa au mto wowote duniani. Kisha akampasua kwa wembe, akawaonyesha tumbo, mifereji, na mizizi ya miguu. Wazazi waliokuja kucheka walisogea karibu.

Mama mkwe Mukashyaka ndiye aliyeona. Amezoea kuchungulia samaki. Alinyoosha kidole mahali ambapo mikono minne ilikuwa mirefu na wa tano mfupi kama ncha ya kidole, rangi yake mpya. "Na hii?" akauliza. "Hii ni mukono mutoto?"

"Ndiyo, Mama," kaka yangu alisema. "Ulikatika, ukawa unaota."

Si wote walioamini. Wapo waliosema kwamba ameuchonga. Lakini mkuu wa shule alimpa mkono, na toka siku hiyo hakuna aliyemwita tena ofisini kwa ajili ya somo lile.

Mwaka 1956 miguu ya marehemu ilianza kuvimba na pumzi kumpungua. Daktari alisema moyo umechoka. Aliacha kazi mwaka uliofuata. Juni mwaka huu, alipojua kwamba hatapona, alimwomba mkewe jambo ambalo sisi sote tulilipinga: aende Tanga na Languida, aione bahari, arudi amweleze. Mukagasana alikataa. Alisema, "Nikirudi nikukute umekufa, nitajisamehe namna gani?" Akamjibu, "Nitakungoja. Mi siwezi kufika tena. Nenda unionee kule."

Akaenda, akilia hadi Usumbura. Mwezi mzima nilikaa na kaka yangu. Kila asubuhi alijinyoa, akauliza kama kuna kamyo iliyotoka kusini.

Shemeji alirudi katikati ya Agosti. Alimkuta barazani, amekonda, amekaa kwenye mito. Hakuanza na safari wala na watu wa Tanga. Alikaa chini karibu naye, akasema, "Baba Languida, kitu moja hukuniambiaka. Huyu munyama anashikaka mukono ya mutu."

"Anashika namna gani?"

"Polepole. Unamutoa, anakataa. Faradji alicheka, mi nililia."

Kaka yangu alicheka mpaka akakohoa, akasema kwamba miaka yote ile aliwashika kwa koleo na vibano kama alivyofundishwa, na hakuwahi kumwacha mmoja atembee mkononi mwake. Akaomba asimuliwe tena toka mwanzo. Alisimuliwa siku nyingi.

Alifariki nyumbani kwake hapa Mbugangari Jumanne tarehe 9 Septemba 1958, alasiri, baada ya kupokea sakramenti. Mkewe alikuwa kando yake. Mzee Kadiri alikuwa chumbani pia.

Marehemu ameacha mjane, Domitila Mukagasana; watoto wawili, Languida na Twagirimana; mama mkwe, Mukashyaka; baba aliyemlea, Mzee Kadiri; na mimi mdogo wake. Ameacha pia wanafunzi wengi kuliko tunavyoweza kuwataja, na baadhi yao ndio watakaobeba jeneza.

Kaka, uliniambia niendeshe taratibu. Tumekufikisha. Mungu akupokee, upumzike katika amani yake.