Helena Seni, Mgeni wa Miaka Kumi na Saba

Ndugu Mwenyekiti wa kijiji mzee Yotamu, katekista wetu, ndugu waombolezaji, mimi ni Tusekile, jirani wa marehemu, watoto wake wameniomba niwasomee maisha yake, mwandiko ni wangu, nikikwama nivumilieni.

Marehemu Helena Seni alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 huko Maswa, Usukumani, akasoma misheni hadi darasa la pili, tarehe 10 Juni 1950 akafunga ndoa na Masunga Bujiku, wakajaliwa watoto sita, wanne wako hai, mkubwa wao Budeba ni dereva Iringa. Mwaka 1962 walihamia hapa Usangu na ng'ombe wao, wakalima mpunga, na mwaka 1971 mzee Masunga alifariki akiwa safarini Maswa, akazikwa huko, Helena akarudi hapa, akasema kwake ni hapa.

Tarehe 9 Novemba 1975 uliitishwa mkutano wa kuamua kama kaya kumi na mbili za Wasukuma zihamishwe kwenye nchi kavu, mbali na maji, wenyewe wakakalishwa pembeni, mgambo wawili wamewasimamia na marungu, Mwenyekiti akatangaza, "Wageni hawanyooshi mkono," watu tukacheka, na mimi nilicheka kuliko wote, maana ndimi niliyeeneza kwamba ng'ombe wao watamaliza mto. Helena akasimama, akauliza, "Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mgeni wa nani?" Akajibiwa, "Wa kijiji, mama, kaa chini." Akasema, "Haya, kesho mnipokee."

Kesho yake mchana kaya zote kumi na mbili, wazee kwa watoto, zilipiga hodi kwa Mwenyekiti, kila mtu na bakuli lake, wakaketi uani wakingoja ugali, kwa kuwa hapa kwetu mgeni hapiki. Mama mwenye nyumba akasonga sufuria ya kwanza, akasonga ya pili, unga ukaisha, na mimi niliyekuwa napita tu pale uani, nimepita kama mara nne, nilimsikia kwa masikio yangu, "Yotamu, ama uwaandike hawa, ama ushike mwiko usonge mwenyewe!" Tarehe 23 mkutano ulirudiwa, mikono yao ikahesabiwa pamoja na yetu, wa kwangu ukiwemo, hawakuhamishwa.

Mwezi Februari mwaka huu wa 1979 Helena alianza kuugua tumbo, akalazwa Mbeya, akafariki alfajiri ya tarehe 14 Agosti, na jana kamati ikaamua azikwe ng'ambo ya mfereji, eti makaburi ya kijiji ni ya wenyeji. Mzee Yotamu, tafadhali usisimame, sijamaliza. Kaburi limeshachimbwa asubuhi hii, ndani ya makaburi ya kijiji, kando ya marehemu mume wangu, na jembe lililoanza kukata udongo limetoka nyumbani kwako, aliyelitoa simtaji, amekaa pale mbele, amevaa kitenge cha kijani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya, madereva wenzake Budeba waliotuletea mwili, majirani mliokesha nasi, na wote mtakaobeba jeneza sasa hivi, njia ni hii ya kulia, siyo ile ya mfereji.

Helena, leo hubishi hodi. Pumzika kwa amani, mwenyeji wetu.