Kofia Aliyoivua Kitsao

Jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono hapa Junda, huyu tunayemsindikiza ni Erastus Kitsao, aliyezaliwa Kaloleni tarehe 9 Mei 1938, mvua ya masika ikigonga makuti, akasoma misheni, akafanya kazi bandarini, akamwoa Kadzo huku Kisauni tarehe 12 Desemba 1964, wakajaliwa watoto sita, na mwaka 1982 akawa naibu wa chifu.

Basi mwaka 1991 akaja bwana mmoja aliyejiita wakili, akawaapisha watu kwamba kwa mkataba wa kale wa Sultani wa Zanzibar sheria za Kenya zinaishia Mazeras, huku pwani haziwashiki, na apokeaye karatasi ya serikali amejiuza yeye na shamba lake. Tarehe 17 Agosti akafariki jirani yetu Mwanakheri, mamake kijana Mwidani, naye Mwidani, aliyekula kiapo hicho, akakataa kata kata kibali cha mazishi, Bwana D.O., mkuu wa tarafa, akasema lori la askari liko tayari Kongowea kuja kuwalazimisha, Kitsao akamsihi, "Mzee, niachie mpaka saa tisa, matanga hayaingiwi kwa rungu."

Akavua kofia na magwanda ya serikali, akamwachia Kadzo, akaenda na shuka lake, akaketi mkekani, maana ajaye kulia hafukuzwi. Mwidani akamcheka, "We mzee, serikali yako inaishia Mazeras, hapa umekuja uchi!" Kitsao akamjibu polepole, "Ndiyo mwanangu, nimekuja kumlia mama, lakini akizikwa bila kuandikwa popote, siku wakija kusema hamkuwahi kuishi hapa, mtawaonyesha nini?" Mwidani akainama, akalitaja jina la mamake kwa kilio, Kitsao akaandika kibali juu ya goti, akashika jembe wakachimba pamoja, lori likarudi tupu, na Kadzo kule nyumbani akashusha pumzi. Yule wakili alishtakiwa kwa ulaghai, waliomfuata wakaachwa huru, na D.O. mwenyewe akaja barazani kusikiliza kilio cha watu juu ya mashamba yao.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza mwaka 1996, akafariki hospitalini alfajiri ya tarehe 2 Juni 1998, bila kuteseka sana, alhamdulillahi wasema majirani zetu Waislamu, nasi twasema asante Mungu. Twawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Junda, wenzake wa utawala, na Mwidani, ambaye jana, kabla hatujamtuma, alikwisha kuchukua kibali cha mazishi, akamwambia Kadzo, "Mama, baba haendi bila kuandikwa."

Pumzika kwa amani, Kitsao, lori limerudi tupu.